Ngazi Ambazo Hukuziomba

Mbarara, Jumapili, tarehe 18 Septemba 2005

Kwa dada yangu mkubwa, yaya Mukeshimana,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya mama, asubuhi mnapoamka na jioni mnapofunga mlango. Ni miezi saba sasa tangu nipande lori la mahindi pale soko la kambi, nikakuacha umekaa mbele ya nyumba isiyo na paa. Katika miezi hiyo yote sijakuandikia kwa mkono wangu, nimetuma salamu tu kwa midomo ya watu. Viganja vyako vinaendeleaje? Na kifua cha mama, baridi ya mwezi wa saba ilimwachia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, na mgongo wa mtu wa kazi yangu si habari.

Kabla hujaendelea, nakuomba jambo moja. Barua hii nampa Viviane, mke wa mwalimu, aliyekuja huku kununua vitenge. Ukiipokea, usimpe akusomee kwa sauti mbele ya mama, ingawa najua macho yanakusumbua. Isome mwenyewe, polepole. Mwandiko wangu unaujua. Niliacha shule darasa la tano na herufi zangu zimebaki huko huko.

Nafanya kazi kwenye nyumba mpya ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu, jina lake Abdullah, mwuza magodoro na vitambaa hapa mjini. Mtu kama mimi huku anaitwa pota. Nabeba matofali, nachanganya saruji na mchanga, nampandishia fundi karai. Fundi hajui jina langu, ananiita Kongo. Kongo, lete maji. Kongo, umelala? Nimezoea. Mchana tunakula posho, ugali wa huku, na maharage, na tunalala kwenye stoo ya saruji, kwa hiyo asubuhi nikikohoa natoa vumbi. Sikuambii haya ili unihurumie. Nataka ujue tu nilikuwa wapi wakati nilipofanya nitakalokuambia.

Mwezi wa saba mama alinitumia neno kwa dereva wa lori. Alisema umemwambia niache kutafuta mabati, kwamba nyumba huitaki tena, na kama nikipenda nioe nimweke mke wangu humo. Nilikasirika, yaya. Niliwaambia wenzangu wa stoo kwamba mtu unayemvunjikia mgongo hana shukrani. Wakanihurumia, na mimi nikaipokea huruma yao. Nilikataa kujiuliza kwa nini mtu aliyeiota nyumba miaka yote aiache ghafla, bila hata kusema sababu. Nilikataa kwa sababu nilikuwa naijua.

Nakumbuka jioni ulipoichora. Ulimwomba mama majivu ya jikoni, ukayamwaga uani kidogo kidogo kwa kiganja, ukitambaa kinyumenyume, mpaka mistari yote ikakutana. Halafu ukaingia. Ukapita mlangoni, ukaenda jikoni, ukanyoosha mkono kuchukua sufuria ambayo haikuwapo, ukageuka ukaenda dirishani, ukakaa. Mama akacheka, akakuambia basi karibisha wageni, na wewe ukamwambia avue viatu kwanza. Kuku walipopita katikati ya ukuta uliwafukuza kwa hasira ya kweli.

Mlango usiwe na kizingiti, ulisema. Kizingiti ndicho kilichokushinda kwenye kila nyumba uliyoalikwa: mtu anakuambia karibu, halafu anaingia, na wewe unabaki nje ukiangalia nani atakuinua. Hata kile kigari cha magurudumu walichokupa wazungu kilikwama kwenye mchanga wiki ya kwanza, na mlangoni hakikuwahi kupita. Mama akakifanya kiti cha kuanikia maharage. Maji ya mvua yazuiwe na mfereji huko juu ya uwanja, si na kizingiti. Jiko likae juu ya kinara cha udongo, pale mkono wako unapofika ukiwa umekaa, ili moto usiwe sawa na miguu yako, maana miguu yako haijui kukimbia. Misumari ya kutundika vitu iwe chini, si fasi ambapo mama peke yake anafikia. Na madirisha yawe mawili upande wa njia, chini, usawa wa macho yako, ili uone nyuso za watu, usione mbingu tu kama mtu aliye ndani ya shimo. Nilikuuliza madirisha mawili ya nini, na cherehani yako ya mkono ni moja. Ulirudi ukalikoleza lile la pili kwa majivu.

Mimi nikasema ndiyo kwa kila kitu. Halafu vijana wa kanisa walipokuja kutusaidia kujenga, nikawaambia tuinue msingi. Nilikuwa nimetoka kufanya kibarua Bwizibwera, nikaona nyumba za watu wenye ng'ombe na maziwa, zimeinuliwa, zina ngazi za mawe mbele, na mwenye nyumba anazipanda polepole huku akitazamwa. Nikataka sisi watoto wa Ngoga nasi tuwe na ngazi. Kule milimani kwetu Kongo baba alikuwa na ng'ombe, watu wakimsalimu wanavua kofia. Hapa tumekuwa watu wa kupanga foleni na gunia. Nilisema ni kwa ajili ya mafuriko na nyoka, lakini uwanja wetu uko mlimani, haujawahi kuona mafuriko. Madirisha nikayaweka usawa wa kifua cha mwanamume aliyesimama. La pili nikaliziba ili kuokoa miti.

Siku mchungaji alipokuja kuziombea kuta, vijana walikubeba juu mpaka ndani na watu wakapiga makofi. Ulitazama pande zote, kisha ukaniambia taratibu, "Muhirwa, umenijengea nyumba nzuri ya kubebwa." Nilidhani unashukuru. Nilitabasamu mbele ya kanisa lote.

Hilo ni kosa langu la kwanza, na unalijua, umekaa mbele yake miezi yote hii. Kama lingekuwa peke yake nisingeandika barua, ningekuja na nyundo tu. Ngoja kwanza nikuambie kilichonitoa usingizini.

Mwezi uliopita mke wa Abdullah, mama Kulusumu, alikuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza. Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, juu ya milango. Akashuka garini na sufuria kubwa tupu, ile ya kupikia pilau ya harusi, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni. Sufuria haikupita. Akaigeuza ubavu, haikupita. Fundi mkuu akamwambia kwa heshima kwamba, nyabo, bibi yangu, ndivyo plani ilivyo. Mama Kulusumu akamtazama, akamwuliza, "Hiyo plani ishawahi kupika?" Tulicheka wote, hata mumewe alicheka akiwa amegeukia ukuta. Mwenyewe hakucheka. Akauliza ni nani kati yetu atakayesimama humo na mafuta ya moto, na kwa nini mtu atakayesimama humo hakuulizwa. Akaiacha sufuria pale mlangoni kama shahidi, akaondoka.

Kesho yake ukuta ukavunjwa, na nyundo nikapewa mimi. Wenzangu waliendelea na mzaha wa sufuria mpaka jioni. Mimi niliacha kucheka mapema. Nilivunja ule ukuta nikifikiria mikono yako inayoshindana na mawe ya ngazi zangu, lakini bado sikuandika. Nilijiambia kwamba nikipata mabati, utasahau.

Halafu Jumatano iliyopita nilitumwa sokoni kununua misumari, nikamwona Nsengimana. Ndiyo, Nsengimana wako, yule Mrundi fundi viatu aliyekukatia viatu vya mikono kwa mpira wa tairi wakati viganja vyako vilipokuwa vinatoka damu. Alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi mabovu, akibishana bei. Niligeuza uso ili nipite. Akaniita kwa sauti ya watu wote kusikia: "Shemeji yangu asiyekuwa shemeji, sasa unanipita kama mti?"

Hakusema kwa ubaya. Alinisogezea tairi nikae, akaniuliza habari za mama. Akauliza kama mpira wa mkono wako wa kushoto haujalika, maana wewe hujisukuma zaidi kwa kushoto. Akauliza kama nyumba imepata mabati. Kisha akauliza kama dirisha lake la upande wa njia limeshazibuliwa. Nikamwuliza dirisha gani. Akasema lile la pili. Mlikuwa mmepatana, akasema, wewe ushonee nguo kwenye la kwanza na yeye ashonee viatu kwenye la pili, watu wakipita wachague wenyewe kama wamechanika juu au chini. Alilichora kwa kidole kwenye vumbi la tairi. Nyumba yote aliijua, yaya. Alijua urefu wa kinara cha jiko. Alijua hata mahali pa misumari.

Nilitaka kuinuka, akanishika mkono. Akasema, "Umwambie sina kinyongo naye. Alikuwa na haki ya kukataa. Mimi ni mtu wa matairi, na yeye ni mtoto wa watu."

Sasa utajiuliza ulimkataa lini.

Hukumkataa. Hukuulizwa. Ulingoja Nsengimana atume mtu, na Nsengimana alituma. Mwezi wa tano mzee Kabanda, shemasi, alikuja mpaka hapa Mbarara kunitafuta. Unajua kwetu msichana haombwi kwake mwenyewe. Wanagonga irembo, lango la ua, na wa kufungua ni baba, na baba akiwa amekufa ni mtoto wa kiume, hata akiwa mdogo kuliko dada yake, hata akiwa na saruji kwenye nywele. Mzee alikuwa amevaa koti lake la Jumapili katika jua lile. Nilimkalisha juu ya mfuko wa saruji nikamnunulia soda, kwa sababu mjumbe hasemi kabla hajanyweshwa. Wenzangu walisimama pembeni wakidhani ni msiba. Alikunywa nusu, akafuta mdomo, akasema ametumwa na Nsengimana kuuliza irembo la Ngoga kwa ajili ya Mukeshimana.

Nikamwambia, "Mzee, mtoto mwenyewe hataki."

Kwa wazee wetu hayo ni maneno ya kufunika. Baba hasemi nimekataa, husema mtoto hataki, na kila aliyekaa pale anajua ni nani asiyetaka. Mzee Kabanda alijua. Alinirudishia chupa, akaniambia, "Nimesikia. Nitayapeleka kama ulivyoyasema." Na mjumbe haongezi wala hapunguzi. Lakini Nsengimana amekulia kambini tangu utoto, kwanza Tanzania, kisha hapa, hana wazee waliomfundisha kwamba maneno hayo yana kifuniko. Aliyapokea kama yako. Ndiyo sababu aliacha kupita kwako. Ndiyo sababu alihamisha meza yake akaenda upande wa pili wa soko. Na wewe ukadhani hakuwahi kutuma mtu, na mwanamke wa kwetu hawezi kwenda kuuliza kwa nini hakuombwa. Yote hayo niliyajua nilipokuwa bado nimeshika chupa ya soda ya mzee.

Sasa nitakuambia kwa nini, na nitajaribu nisijipunguzie. Siku zile nilijiambia kwamba anataka mabati, anataka kuingia kwenye nyumba isiyo na jasho lake. Hiyo haikuwa kweli. Nilijiambia pia ukoo wake haujulikani. Hiyo ni kweli, lakini wetu nao huku nani anaujua? Niliona aibu. Nilisikia watu wakisema Muhirwa amemtoa kilema wake kwa Mrundi wa matairi. Neno hilo sijawahi kulitamka mbele yako, lakini nilikuwa nalo kichwani, nalo ni langu, si la watu.

Na chini ya aibu kuna jambo jingine, ndilo baya zaidi. Kanisani wananiombea kwa jina: Muhirwa anayemtunza dada yake. Mama ananiita nguzo. Hata huku, nikiulizwa kwa nini sioi, kwa nini sirudi kutafuta shamba, jina lako ndilo jibu langu, na mtu akilisikia ananiheshimu kidogo, hata fundi. Mzee Kabanda aliposema alichotumwa, nilijiuliza huyu akiolewa mimi nitakuwa nani. Nikaona nitakuwa pota tu. Nilikuwa nimekubeba, yaya, na nikaogopa kukutua. Na tazama, mtu mwenyewe hujawahi kuniomba nikubebe. Uliomba mlango usio na kizingiti.

Alhamisi baada ya kazi nilirudi sokoni. Nsengimana alikuwa anakata tairi kwa kisu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilidhani nikikaa sitamaliza. Kisu kikasimama. Mwuza nyanya wa jirani akaanza kututazama. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule niliyekuwa namlaumu kila siku, hakuwa amefanya kitu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Wewe ulinijibu kwa mdomo wake." Nikasema ndiyo. Nilitamani anipige. Kazi ingekuwa nyepesi. Aliendelea kukata.

Nikamwuliza kama atamtuma mzee Kabanda tena. Akaniambia bila kuinua macho, "Hilo si swali lako." Nikaondoka. Kwa hiyo sijui, yaya. Sitaki kukupa tumaini ambalo sina. Hakusema atakuja, na hakusema hatakuja. Alirudi kambini Ijumaa na matairi yake, kwa njia ya Kabingo. Labda barua hii itafika na yeye ameshapita kwako, labda ameamua kwamba nyumba yenye kaka kama mimi haifai kuingiwa. Akiamua hivyo, usiseme ni kwa sababu ya miguu yako. Ni kwa sababu yangu.

Nimemtumia mzee Kabanda neno kwamba kuanzia sasa mtu akiuliza irembo la Ngoga, akae na wewe, anywe kwako, na jibu alisikie kutoka kinywani mwako. Wazee watasema huyu mtoto amepotea mjini, hajui tena desturi. Waseme. Hata mama akilia, mimi nitajibu.

Nimemwomba Abdullah ruhusa na amenipa, baada ya kazi ya lenta kwisha. Nitakuja na nyundo, sululu na timazi ambayo fundi ameniazima. Alilijua jina langu siku hiyo ya kuniazima. Lakini sitaangusha jiwe hata moja kabla hujaniambia lipi. Ukitaka niondoe ngazi, nitaziondoa na msingi wake. Ukitaka nianze nyumba nyingine chini, juu ya ile mistari ya majivu, nitauliza kila kipimo na wewe utanijibu ukiwa umekaa hapo hapo. Ukitaka nisiguse kitu, nyundo nitairudisha Mbarara.

Usinisamehe upesi kwa sababu ya kanisa. Najua mchungaji atakuambia nini. Kaa na jambo hili kadiri unavyotaka. Ni wewe uliyekuwa unatazama njia tangu mwezi wa tano.

Mama umsalimie sana, umwambie nimemnunulia dawa ya kifua na Viviane anayo. Haya mengine, ukitaka umwambie, usipotaka usimwambie. Umsalimie pia Benitha wa jirani, anayekuchotea maji.

Nategemea kufika Jumamosi, tarehe moja ya mwezi wa kumi, mchana, kwa lori linalopita Kaberebere. Sitakuja moja kwa moja nyumbani. Nitashukia kwa mchungaji, nitakaa huko hadi utume mtu aniite, na kama siku hiyo hutaniita nitangoja ya pili yake.

Ni mimi mdogo wako,

Muhirwa, mwana wa Ngoga